Boom linaisha wiki ya sita, na mchana nasinzia darasani: nifanyeje?

SWALI

"Shikamoo dokta. Mimi ni binti wa mwaka wa pili, nasoma chuo upande wa Mlimani, naishi Mbezi Mwisho na mwenzangu mmoja. Kodi tunachangia, mimi natoa 35,000 kwa mwezi. Boom langu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, ni 10,000 kwa siku, na linaingia la siku 60 kwa mkupuo. Naamka saa kumi na moja alfajiri. Napanda gari mbili kwenda na mbili kurudi, 600 kila moja. Nyumbani sinywi chai, nawahi kituoni. Saa nne nikipata upenyo nakula maandazi mawili na soda, 1,200. Mchana wali maharage 2,000, siku nyingine naruka. Maji 500, bando 1,000. Jioni nafika saa mbili usiku hoi, nanunua chipsi mayai 3,000, nakula na kujisomea kidogo, saa sita nalala. Boom linaisha wiki ya sita. Darasani nasinzia, kichwa kinauma, nameza diklofenaki. Mama anasema nimeshapata vidonda vya tumbo kwa sababu ya kukaa na njaa. Nile nini chenye nguvu na cha bei rahisi? Na je, ninunue dawa za kuongeza damu?"

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Ulichoandika ndicho ninachokisikia kwa wanafunzi wengi wa Dar es Salaam wanaokuja kwangu kutaka orodha ya vyakula vya bei rahisi. Vyakula nitakutajia. Ila kwanza nikuambie ninachokiona katika barua yako: safari ndiyo inayokupangia chakula. Daladala ndiyo inayoamua utakula saa ngapi, utakula nini, na utalipa kiasi gani. Njaa inakukuta mahali ambapo kinachouzwa ni ngano iliyokaangwa na chupa ya sukari, na uchovu unakukuta mahali ambapo kilicho karibu ni banda la chipsi. Nikikupa orodha ya vyakula bila kugusa saa zako, utaibandika ukutani na kesho utakula maandazi yale yale.

Tuzitazame hizo saa. Unakula chipsi mayai kama saa mbili na nusu usiku. Kitu kingine kinaingia tumboni saa nne asubuhi. Hapo katikati ni saa kumi na tatu na nusu, na ndani ya saa hizo umeamka gizani, umegombania mlango, umesimama na kushikilia bomba kutoka Mbezi, umebadili gari, na umekaa kwenye kipindi cha kwanza. Kisha unavunja mfungo huo kwa maandazi na soda. Soda ya mililita 350 ina karibu gramu 37 za sukari, kama vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi kwa siku nzima, na ikiwa 25 ni bora zaidi. Wewe umeshapita kile kiwango cha chini kabla ya adhuhuri, na andazi lenyewe halina protini ya kutosha wala nyuzinyuzi za kuifanya sukari hiyo iingie kwenye damu polepole. Inapanda haraka, inashuka haraka, na saa sita mwili unadai tena.

Lakini usingizi wa darasani usiusukumie chakula peke yake. Unalala saa sita usiku, unaamka saa kumi na moja. Ni saa tano. Kijana wa umri wako anahitaji kati ya saa saba na tisa. Hakuna uji wa lishe, asali wala kinywaji cha kuongeza nguvu kinachofidia saa mbili za usingizi zinazokosekana kila siku. Vile vinywaji vya kopo vina kafeini na sukari nyingi. Ukivinywa jioni ili usome, unausogeza mbele usingizi ule ule unaoupungukiwa. Hilo nimelisema mapema kwa makusudi, maana linahusu pesa yako pia.

Sasa hesabu. Boom la siku 60 ni 600,000. Toa kodi ya miezi miwili, 70,000, unabaki na 530,000. Ukigawa kwa siku 60, unaruhusiwa kutumia kama 8,800 kwa siku. Matumizi uliyoniandikia nimeyajumlisha: nauli 2,400, asubuhi 1,200, mchana 2,000, maji 500, bando 1,000, chipsi mayai 3,000. Jumla 10,100. Kwa hiyo hata ungefuata orodha yako bila kuongeza senti, boom lisingefika siku ya sitini. Lakini wewe linakuishia wiki ya sita, yaani siku ya 42 hivi, na 530,000 ikiisha kwa siku 42 maana yake kila siku zinatoka zaidi ya 12,600. Kuna 2,500 za kila siku ambazo hazimo kwenye barua. Na hapo sijatoa zile siku ambazo huendi chuo wala hupandi gari.

Sikulaumu, maana pesa za aina hii kwa kawaida hazikumbukwi. Naweza kukutajia zinakokwenda kwa wanafunzi walio katika hali kama yako. Bodaboda ya kuwahi kipindi, 1,500. Nauli ya kugeuza nalo, pale unapopanda gari linaloshusha, unakwenda nalo hadi mwisho wa ruti ili urudi umekaa. Konda aliyekatisha ruti jioni ukalazimika kulipa gari la tatu. Kutoa pesa kwa wakala elfu tano tano: makato ya simu hupangwa kwa madaraja, na anayetoa kidogo kidogo hukatwa sehemu kubwa zaidi ya pesa yake kuliko anayetoa kwa mkupuo. Bando la siku badala ya la wiki. Kutoa kopi. Pedi. Sukari robo, mafuta ya kupima, sabuni ya kipande. Duka la mtaani linakusaidia kununua kidogo, na kwa huo msaada unalipa zaidi kwa kila gramu.

Kwa wiki moja tu, andika kila shilingi inayotoka, kwenye simu au nyuma ya daftari, hata ile 200 ya choo cha stendi. Usijizuie kununua chochote wiki hiyo. Andika tu. Utakayoyaona yatakufundisha zaidi kuliko maneno yangu.

Lipo jambo moja kubwa kuliko hizo 2,500, nalo wengi hawalihesabu. Unasema kodi yako ni 35,000. Lakini nauli yako ya siku 22 za masomo ni 52,800 kwa mwezi. Chumba cha Mbezi kinakugharimu karibu 88,000 kila mwezi, na bado sijahesabu boda wala hizo saa unazosimama barabarani asubuhi na jioni. Kwa hiyo ukipata mwenzako wa kuchangia naye chumba Msewe, Changanyikeni au Makongo Juu, ukalipa hata 70,000 na kwenda chuo kwa miguu, umeokoa pesa, umeokoa usingizi, na umepata jiko la kurudi kupika kabla hujachoka. Naelewa kwamba wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa pamoja, na hapo ndipo wanafunzi hukwama. Hilo halitatatuliwa wiki hii. Lipangie boom la mwanzo wa mwaka wa masomo ujao, ongea na mwenzako mapema, na kama nyumbani wanaweza kukusaidia jambo moja tu, waombe wakusaidie hilo la kodi ya mkupuo kuliko kukutumia elfu kumi kumi za kuzima moto. Jambo hilo mimi ningelitilia uzito kuliko ushauri wowote wa chakula nitakaokupa hapa chini.

Kwa sasa uko Mbezi, na kesho utaamka saa kumi na moja. Tuanzie hapo ulipo.

Badiliko ninalolitaka kwako ni moja: chakula cha usiku kipikwe, na hicho hicho kiwe chakula chako cha asubuhi kabla hujatoka mlangoni. Mko wawili, kwa hiyo pikeni kwa zamu. Usiku mmoja wewe, usiku mwingine yeye, anayewahi kufika ndiye anaanza. Chukua maharage. Nusu kilo ya maharage makavu ina karibu gramu 110 za protini. Ikiwatosha ninyi wawili usiku na asubuhi, kila mlo una zaidi ya gramu 25, sawa na ukila mayai manne. Ongeza unga wa nusu kilo, fungu la mchicha au matembele, nyanya, kitunguu na mafuta kidogo. Kwa bei za masoko ya Dar, pamoja na gesi, mtu na mwenzake mnaweza kuimaliza kazi hiyo kwa kama 4,000, yaani 2,000 kila mmoja. Linganisha na 4,200 unazotoa sasa kwa chipsi mayai ya usiku na maandazi na soda ya asubuhi.

Najua jibu lako: nafika saa mbili usiku, maharage yataiva saa ngapi? Yaloweke asubuhi unapotoka. Yakikaa majini mchana kutwa yanaiva kwa muda mfupi zaidi. Jioni mwaga yale maji, weka mapya, yachemshe kwa moto mkali yafoke kweli kweli kwa dakika kumi na zaidi, kisha punguza moto. Hizo dakika za kufoka usizipunguze, hasa kwa maharage mekundu, maana yana sumu ya asili inayovunjwa na moto mkali na inayoharisha na kutapisha isipovunjwa. Baada ya hapo unaweza kuzima gesi, kufunika sufuria vizuri, kuivika kanga nzito au blanketi na kuiacha iendelee kujipika yenyewe wakati unaoga na kufua, halafu uirudishe motoni kumalizia. Siku ambazo hata hilo huliwezi, choroko na dengu huwahi kuiva, na dagaa ni chakula cha dakika chache.

Dagaa nawapenda sana na nasikitika wanafunzi wanawaonea haya. Unamla samaki mzima na mifupa yake, kwa hiyo pamoja na protini unapata kalsiamu ambayo kwenye kipande cha nyama hakuna. Wakaushwao mchangani waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara kadhaa, wakaange na nyanya na kitunguu, kamulia ndimu. Wakavu hawahitaji friji, na unaweza kununua wa wiki nzima kwa mara moja, bora uwahifadhi mahali pasipo na unyevu.

Kuhusu unga, kama mnapenda dona, dona lina nyuzinyuzi na vitamini za kundi B nyingi kuliko sembe. Linunueni kidogo na jipya, kwa sababu halikai muda mrefu. Sembe la viwandani si baya. Tafuta lenye alama ya virutubishi, maana tangu 2011 kanuni za nchi hii zinataka viwanda viongeze madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12 kwenye unga. Na hapa naomba unisikilize kwa makini: mahindi na karanga zenye ukungu, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye uchungu, zitupwe. Usizichague ukala zilizobaki. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na sumukuvu haiondoki kwa kupika wala kukaanga. Karanga za bei ya kutupa kituoni, zile vipande vipande zilizokaa juani na mvuani, siziamini.

Hamna friji, nadhani, maana hukuitaja. Basi maharage ya asubuhi yapikwe bila nazi, yakishaiva usiku mgawe ya kula, yaliyobaki yachemshwe tena, yafunikwe yakiwa ya moto na yasifunguliwe. Alfajiri yachemke upya hadi yafoke kabla ya kula. Yakitoa povu au harufu ya uchachu, yamwagwe bila huruma. Wali usiuachie usiku kwenye joto la Dar. Kiporo cha wali kinaweza kuwa na sumu ya vimelea ambayo hata ukipasha moto haifi. Pika wali wa kuisha usiku huo huo. Cha kubaki kiwe ugali, muhogo au viazi vitamu vya kuchemsha, na hata hivyo visivuke asubuhi.

Utaniambia asubuhi huna muda. Kupasha maharage ni dakika kumi, na wakati yanapashwa unavaa. Hizo dakika kumi zipate usiku kwa kulala saa tano ya usiku badala ya saa sita; kichwa kilichoshiba na kulala kinasoma ukurasa mara moja, kichwa chenye usingizi kinausoma mara tatu. Siku utakayoshindwa kabisa, usitoke mikono mitupu. Beba ndizi mbili na yai la kuchemsha lenye ganda lake, au karanga nzuri ulizokaanga mwenyewe, au viazi vitamu ulivyochemsha usiku. Usile ukiwa umesimama mlangoni mwa gari na begi mgongoni. Kwenye msongamano vibaka wanamtafuta mtu ambaye mikono yake ina kazi nyingine. Kula ukishashuka kubadili gari.

Mchana nakuomba usiruke, na wali maharage wa mama lishe usiuache. Ni chakula kizuri kuliko vingi vinavyouzwa kwa bei kubwa zaidi ndani ya majengo yenye viyoyozi. Ila jifunze kuagiza. Sahani ya kawaida huwa kilima cha wali na upawa mmoja wa maharage. Mwambie, "Mama, nipunguzie wali, niongezee maharage na mboga." Wengi watakubali bila kuongeza bei, hasa wakikuzoea. Kwa hiyo chagua mmoja, mwenye maji ya kunawa yanayotiririka na chakula kinachofuka mvuke, uwe mteja wake. Boom likiingia, mlipe milo ya wiki mbili zile za mwisho, wiki ya saba na ya nane, mwandikishane kwenye daftari lake na wewe piga picha ya ukurasa. Mpe pesa ya wiki mbili tu, usimpe ya miezi miwili, maana naye ana watoto na marejesho, na pesa nyingi ya mbele ni mtihani kwa yeyote. Kwa njia hiyo hata pesa ikikuishia, hulali na njaa, na hukimbilii kukopa kwenye simu. Hayo majukwaa ya mikopo yaogope. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kidijitali bila leseni, na wanafunzi ni miongoni mwa wanaodhalilishwa kwa meseji zinazotumwa kwa ndugu zao.

Baada ya kula, chai iache kwanza. Chai ya rangi na ya maziwa, zote, hupunguza kiasi cha madini ya chuma ambacho mwili unachukua kutoka kwenye maharage na mboga za majani. Ipishe saa moja au mbili. Badala yake kamulia ndimu kwenye maharage, au kula chungwa, embe au pera. Vitamini C huufanya mwili uchukue chuma hicho kwa wingi zaidi. Kwa binti anayepata hedhi kila mwezi na ambaye nyama anaiona mara chache, ndimu ya 100 ina faida kubwa kuliko chupa nyingi zinazouzwa kwa jina la kuongeza damu.

Sasa maji. Uliandika 500 ya chupa moja ya maji, na hukusema unakunywa mengine. Nitakueleza ninavyodhani, na kama nimekosea utanisahihisha: asubuhi hunywi maji kwa sababu ukikwama kwenye foleni huna pa kujisaidia. Wasichana wengi wananiambia hivyo, wengine kwa kunong'ona. Mji huu unawabebesha wanawake gharama ambayo haimo kwenye nauli. Wanakaa na kiu hadi mchana, wanabana mkojo hadi wafike, kisha wanatibiwa UTI kila baada ya miezi michache. Kichwa chako kinachouma mchana, hasa miezi ya joto ya Novemba hadi Machi, kinaweza kuwa kiu tu. Kunywa glasi mbili mara unapoamka, saa kumi na moja, na uende haja kabla ya kutoka. Yatakuwa yameshapita mengi kabla ya foleni. Beba chupa yako ya maji yaliyochemshwa, uanze kuinywa ukishuka chuoni, ambako vyoo vipo. Jioni punguza saa moja kabla ya kuondoka. Na ile 500 ya kila siku ibaki mfukoni.

Kuhusu usafiri wenyewe, mengi hayako mikononi mwako, na sipendi kumshauri mtu avumilie kitu ambacho kingeweza kurekebishwa. Konda akikatisha ruti au akapandisha nauli jioni, hilo ni kosa linaloadhibiwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, na mna haki ya kuripoti namba ya gari, muda na mahali. Mkiwa abiria wengi mnaoripoti gari lile lile, inasaidia. Kwa upande wako, angalia ratiba ya vipindi. Siku ambazo kipindi chako kinaanza saa nne, usiamke saa kumi na moja kwa mazoea, lala. Siku ambazo vipindi vinaisha saa kumi, uondoke hapo hapo kabla ofisi hazijafungwa, au ubaki maktaba hadi msongamano upungue, ila usibaki katikati, ukatoka saa kumi na mbili ukaingia kwenye wimbi lenyewe. Ukiamua kubaki, rudi na wenzako wa njia moja, na uwe umekula kitu saa kumi na moja jioni, la sivyo utaishia kwenye banda la chipsi tena. Na kugeuza nalo? Asubuhi ya mtihani, 600 ya ziada kwa ajili ya kukaa na kupumzisha miguu naiona halali kabisa. Ni nusu ya pesa ya maandazi na soda yako.

Chipsi mayai hazijapigwa marufuku, usinielewe vibaya. Kiazi ni chakula na yai ni chakula. Shida ni kuzila kila usiku, kwenye mafuta yaliyokaangiwa tangu mchana, ndizo peke yake, nusu saa tu baada ya kutoka kwenye msongamano. Ijumaa moja kwa wiki, na kachumbari nyingi, kula kwa furaha.

Mama yako mpe heshima yake, lakini njaa peke yake haitengenezi vidonda vya tumbo. Visababishi vikubwa ni viwili: bakteria aitwaye Helicobacter pylori, aliyegunduliwa na Barry Marshall na Robin Warren mwaka 1982 na kuwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2005, na dawa za maumivu za kundi la diklofenaki, ibuprofeni na asprini. Wewe unameza diklofenaki, na nadhani ni ukiwa na tumbo tupu, mara kwa mara, bila kuandikiwa. Hapo ndipo hatari yako ilipo. Acha leo. Kichwa kikiuma, kunywa maji, kula, pumzika; kisipopoa, parasetamo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Kama tumbo linachoma chini ya kifua, hasa usiku au ukiwa na njaa, nenda kituo cha afya wakupime bakteria huyo. Anatibika kwa dawa za wiki mbili hivi zinazotolewa kwa mpangilio. Ukitapika damu au ukipata choo cheusi kama lami, usisubiri kesho.

Na dawa za kuongeza damu usizinunue kabla ya kupima. Inawezekana kweli una upungufu: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta karibu wanawake 45 kati ya kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na upungufu wa damu, na dalili zako zinafanana. Lakini kusinzia, kuchoka na kuumwa kichwa vinaweza pia kuwa malaria, minyoo ya safura, hedhi nyingi kupita kiasi, au usingizi wenyewe, na kila kimoja kina tiba yake. Nenda kwenye zahanati ya chuo, omba kipimo cha wingi wa damu, malaria na choo. Kwa mwanamke asiye mjamzito, hemoglobini, yaani ile namba ya wingi wa damu, iliyo chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Mwambie daktari hedhi yako inachukua siku ngapi na unabadili pedi mara ngapi kwa siku, hata kama hakukuuliza. Akikuandikia vidonge vya madini ya chuma, vimeze na maji au juisi ya chungwa, mbali na chai na maziwa. Choo kitakuwa cheusi kidogo kwa sababu ya vidonge, hilo lisikutishe, na usiviache wiki ya pili kwa kuwa umeanza kujisikia vizuri. Akiba ya mwilini hujazwa kwa miezi. Kipimo kirudiwe baada ya mwezi mmoja. Andika zile namba mbili, ya kwanza na ya pili, na unitumie pamoja na yale matumizi ya wiki moja.